Meza Fupi ya Jikoni

Tangu gari lilipoacha lami Mzee Soli hakuwa amesema neno, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko mizigo yote iliyofungwa juu ya keria. Walimkalisha nyuma, katikati ya binti zake wawili, magoti yakikaribia kidevu, kama gunia lililopakiwa mwisho likakosa pa kukaa. Mbele alikaa mwanawe wa kiume, aliyedai kwamba akikaa nyuma anasikia kichefuchefu, na kwenye usukani alikuwa mkwe, mume wa binti mkubwa. Mkwe huyu alikuwa mtu wa ndiyo Baba. Ukimwambia jua ni kali leo, ndiyo Baba. Ukimwambia jua gani, mbona ni mawingu matupu, ndiyo Baba. Mzee hakuwa na ugomvi naye, maana mtu hawezi kugombana na mto wa kulalia.

Ugomvi wake ulikuwa na hao wengine. Na hospitali. Na ofisi ya ardhi. Na wakubwa wa mji. Na upepo pia, ingawa upepo aliuweka mwisho, kwa kuwa upepo haukai ofisini wala haukuambii urudi kesho.

Jina la Soli alipewa na wateja. Maisha yake yote alishona viatu katika kibanda kilichobanana na ukuta wa stendi, na shule aliiacha mapema, kabla shule haijamwacha yeye. Hesabu yake ya dunia ilikuwa fupi: kuna watu wanaosema subiri, na kuna watu wanaoambiwa subiri. Yeye na marehemu mkewe walikuwa wa kundi la pili. Mkewe alipougua waliambiwa mashine ya kumpima ipo, tena mpya, ila chumba kimefungwa na mkubwa mwenye ufunguo yuko semina. Subirini. Wakasubiri kwenye benchi la mbao mpaka wakalijua hadi misumari yake. Mkubwa aliporudi, ufunguo mfukoni na mkoba mpya wa semina begani, mama wa watoto hakuwa tena na haja ya mashine yoyote.

Tangu hapo Mzee alikuwa na donge. Ukimwamkia asubuhi, hata marahaba yake ilitoka na mkwaruzo.

Na sasa hili la nyumba. Dhoruba iliezua paa, ikaangusha ukuta wa baraza, ikatupa mabati kwa jirani, na yeye baba mwenye nyumba aliambiwa wakati mafundi wameshaingia kazini. Hatukutaka kukusumbua, Baba. Walikuwa wamefungua kundi kwenye simu zao, wakaliita Nyumba ya Mama, humo wakapangiana kila kitu, na yeye mwenye simu ya vitufe hakuwemo. Nyumba ya Mama, mume wa mama hayumo. Alipolisikia hilo alimpigia binti mdogo, kitinda mimba wake, ambaye walau alikuwa akipokea simu, akamwambia paa fanyeni mtakavyo, kuta zipakeni rangi ya kasuku mkipenda, ila ile meza ya jikoni isiguswe. Kitinda mimba akasema sawa Baba, haitavunjwa.

Haitavunjwa. Neno hilo alilishika njia nzima kama mtu aliyeshika nauli mkononi.

Nyumba yenyewe iliitwa nyumba ya mapumziko, jina lililomchekesha kwa uchungu kila alipolisikia. Mkewe aliachiwa na shangazi yake kiwanja chembamba karibu na maji, na wakaijenga likizo kwa likizo. Likizo hii msingi, likizo ijayo kuta, likizo nyingine wanahangaika na choo. Watoto walikua wakidhani mapumziko maana yake ni kubeba mchanga. Mtu mmoja tu ndiye aliyepumzika mle ndani, naye alichopumzisha ni miguu.

Mkewe alikuwa mfupi. Kwamba ni mfupi kila mtu alijua, kama kila mtu ajuavyo kwamba mvua imenyesha. Kiasi gani, hapo ndipo palipokuwa na siri. Ufupi ule aliuonea haya tangu usichana, na alipoolewa na fundi viatu majirani walisema ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi, lakini na soli zilikuwemo. Mumewe alimwongezea soli juu ya soli, akaficha kazi yake kwa ngozi mpaka jicho lisione kiungo. Viatu vya kutokea, viatu vya sokoni, hata ndala za ndani zilikuwa na unene wa mkate. Watoto walizaliwa wakamkuta mama yao juu ya soli. Nesi alipotaka kumpima urefu, mgonjwa alikataa katakata kuvua, akataja namba ya kichwani mwake, nesi akaiandika.

Ila jikoni kule kwenye nyumba ya mapumziko mambo yalikuwa mengine. Mama aliwafukuza wote waende wakacheze majini, akafunga mlango, akavua viatu. Mumewe peke yake ndiye aliyeruhusiwa kubaki, na humo ndani, mlango ukiwa umefungwa, alimwita Nusu. Nje hakuthubutu. Siku ya kujenga meza ya zege alimsimamisha kando ya ukuta, miguu mitupu kwenye sakafu, akavuta kamba yake ya kupimia viatu kutoka chini mpaka kiwikoni, akaifunga fundo. Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta, akamwambia ukimwambia mtu nakuacha. Mumewe akamwaga zege mpaka kimo cha fundo lile. Tangu siku hiyo mwanamke yule alikata vitunguu bila kupandisha mabega.

Watoto walipokuwa wakubwa, wakaanza kuingia jikoni nao, wakakuta meza inawagusa mapajani. Nani kajenga kitu hiki, walicheka, au ni meza ya kuku? Mama yao, bila kupepesa jicho, akawaambia wamuulize baba yao, kapima kwa kamba ya viatu, mnategemea nini. Mzee alifungua mdomo. Mkewe alimtazama. Akaufunga.

Basi ikawa ndiyo hadithi ya nyumba. Kila safari, mtu akiinama kuosha kikombe, utasikia Baba na kamba yake. Siku ya harusi ya mwanawe ilisimuliwa kwenye kipaza sauti na ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko, na mama mwenye kosa, juu ya viatu ambavyo mumewe alivikeshea, akacheka kuliko wote huku amemfinya mkono chini ya meza. Mzee alikubali kuwa fundi mjinga. Kwa ajili ya mtu mwingine yeyote asingekubali.

Kamba yenye fundo ilipotea siku wakubwa wa mji walipovunja vibanda vya stendi bila taarifa. Picha zipo, lakini kwenye picha zote mkewe amevaa viatu. Basi mwanamke yule, alivyokuwa kweli, alikuwa amebaki mahali pamoja tu duniani, na mahali penyewe ni meza ya zege iliyochekwa.

Gari liliposimama Mzee alitoka kwa shida, akajinyoosha, na kitu cha kwanza alichokiona kilimpandisha mori. Visiki. Mivinje yote iliyokuwa ikikinga upepo upande wa maji ilikuwa imekatwa, safu nzima, kama meno yaliyong'olewa. Mwanawe alieleza kwamba ni ofisi ya ardhi, walitaka wanaopita barabarani waone maji. Mzee akauliza kama hao wanaopita barabarani wamekuja kushika paa siku ya dhoruba. Mwanawe akasema Baba, hayo yameshapita. Mzee akamwambia kwa wakubwa kila kitu huwa kimeshapita. Kwa waliobaki chini ndiyo kinaanza. Akatema mate kwenye kisiki cha kwanza. Binti mkubwa, ambaye ni mwalimu mkuu na hata akiwa likizo anatembea kama anakagua mistari ya wanafunzi, alimwambia Baba jamani, watu wanatuona. Hakukuwa na mtu, ila fundi.

Fundi alikuwa mtu wa makamo, penseli sikioni, vumbi la saruji kwenye kope. Alimwamkia Mzee kwa heshima, kisha akawaamkia watoto mmoja mmoja, na kila mmoja akamwita bosi. Mzee alilisikia hilo. Bosi, bosi, na bosi. Hakulipenda.

Halafu akainua macho juu. Paa lilikuwa jipya, zuri, limenyooka, na lilikuwa na rangi mbili. Upande wa mbele kijani, upande wa nyuma jekundu.

Binti mkubwa alimtazama kaka yake. Kaka yake akamtazama fundi. Fundi akakuna shingo, akaeleza kwa upole kwamba Bosi Mama, akimwelekea binti mkubwa, alipiga simu akasema kijani, naye akaagiza kijani. Kesho yake Bosi Kaka akapiga akasema jekundu. Akauliza nimsikilize nani, akaambiwa nisikilize mimi. Akampigia Bosi Mama, akaambiwa mimi ndiye mkubwa, nisikilize mimi. Yeye ni mtu wa kazi, hana nguvu ya kuamua mambo ya ndani ya familia, basi akatoa haki kwa wote.

"Mnalo kundi la simu," Mzee alisema. "Mnazungumza humo nini, hali ya hewa?"

Kitinda mimba akasema kwa sauti ndogo kwamba kwenye kundi walikuwa wanatumiana picha za mapazia.

Walivyozidi kuingia ndani ndivyo mambo yalivyozidi kuchekesha, kama kungekuwa na mtu mwenye hamu ya kucheka. Mwana wa kiume alitaka mlango mpana wa kutokea barazani, ukawekwa. Binti mkubwa alitaka nondo za usalama papo hapo, zikawekwa. Mlango ulifunguka nusu tu, ukagonga nondo ukakwama, na mtu wa kutoka ilibidi atoke kwa ubavu. Mwana alijaribu, tumbo likagoma. Dada yake akasema angalau mwizi mnene haingii. Kaka mtu akamjibu kwamba huko shuleni kwake amezoea kuwafungia watu, na hapo wakaanza kurushiana maneno, nani aliambiwa na nani, nani alijifanya mkubwa, nani hakujibu ujumbe, mpaka mkwe akaingia kati akasema wote wana haki, jambo ambalo halikumfurahisha yeyote.

Mzee hakuwasikiliza. Alikuwa anaelekea jikoni.

Fundi alimwahi, akasimama karibu na mlango, akasema Mzee, humo saruji bado mbichi, labda tungeanza na vyumba vya kulala. Mzee alimsogeza kwa mkono. Hakumsukuma; alimsogeza, kama mtu anavyosogeza pazia.

Ndani mlikuwa na harufu ya chokaa na maji. Dirisha lilikuwa lile lile. Chini yake ilisimama meza ndefu, ya juu, iliyopambwa vigae vyeupe vinavyong'aa, na ilimfikia Mzee kiunoni, kama meza za benki unapoambiwa jaza tena, umekosea. Aliitazama. Akaweka kiganja juu ya vigae, vilikuwa baridi. Akauliza ile meza iko wapi, na sauti yake ilikuwa ndogo hivi kwamba huko sebuleni wote walinyamaza wakaja.

Fundi ndiye aliyejibu. Alisema Bosi Mama aliagiza meza ipandishwe ifike kimo cha kawaida. Bosi Kaka aliagiza ibomolewe yote ijengwe upya. Bosi Mdogo akapiga akasema ile ya zamani isivunjwe, ni amri ya Mzee. Basi alikaa akafikiri, akaona njia ni moja. Hakuvunja. Alipanga tofali juu ya ile ya zamani, akamwaga zege nyingine juu, akaweka vigae. Ya zamani iko humo humo ndani, Mzee, haijaguswa hata kidogo, imekuwa kama rafu.

Mzee aliinama. Kweli, chini ya ile mpya, kati ya vipande vya tofali, palikuwa na upenyo mweusi, na mle ndani ukingo wa meza ya zamani ulionekana, wa mviringo mahali ambapo tumbo la mwanamke lilikuwa limeegemea miaka mingi. Ilikuwa imefunikwa kama kitu kilichofichwa polisi wasikione.

"Mmemjengea juu," alisema.

Hawakuelewa. Binti mkubwa alidhani anashukuru. Alimshika bega, akasema kwa ile sauti ya kutoa zawadi siku ya kufunga shule kwamba walitaka iwe ni mshangao wa furaha, kwamba walisema kati yao, Baba amechekwa vya kutosha kwa ile meza, safari hii tumrekebishie kosa lake, asisikie tena maneno ya kamba. Na kusema ukweli, Baba, mama hayupo, wanaopika sasa ni sisi, na migongo ni yetu.

Wengine waliitikia kwa kichwa. Mkwe alisema ndiyo.

Damu ilimpanda Mzee Soli mpaka akaisikia masikioni. Kosa lake. Walikuwa wamekaa kwenye viti vyao vya ofisini, wakamwonea huruma, wakarekebisha. Ndivyo wanavyofanya wote. Anakuja mtu hujamwita, anakuangalia maisha yako, anaona yamepinda, ananyoosha, halafu anasubiri umwambie asante. Walinyoosha stendi, kibanda kikaenda. Wakanyoosha ufuko, mivinje ikaenda. Sasa na watoto aliowazaa mwenyewe wamejifunza kazi.

Nyundo kubwa ya mafundi ilikuwa imeegemea ukuta. Aliichukua.

Fundi ndiye aliyeona kwanza kwamba mzee hatanii. Alisema taratibu kwamba kama ni kutoa, itolewe kwa ubavuni, kwa tindo na nyundo ndogo, tofali moja baada ya jingine, maana ya juu imekaa juu ya ya chini, ukiipiga kichwani uzito wote unashuka. Asubiri kidogo tu, akalete tindo garini.

"Nisubiri," Mzee alisema.

"Kidogo tu, Mzee wangu."

Hilo neno ndilo aliloshindwa kulimeza. Aliinua nyundo juu kuliko alivyodhani mikono yake inaweza, akaishusha katikati ya vigae vyeupe.

Vilipasuka kwa kishindo kama sahani za sherehe. Binti mkubwa alirudi nyuma amejifunika uso. Akapiga tena. Zege mpya, ambayo haikuwa imekauka sawasawa, ilikatika vipande viwili, na vile vipande viwili havikuangukia sakafuni. Viliketi kwa uzito wao wote juu ya kilichokuwa chini. Wakasikia sauti nyingine, ya chini zaidi, kavu. Kona ya meza ya zamani, ile ya upande wa dirisha, ilijitenga polepole, ikaanguka, ikabingirika mpaka kwenye kiatu cha mwanawe.

Vumbi likapanda.

Mzee alisimama na nyundo, kifua kinapanda na kushuka, na macho yake yakaanza kutafuta. Yalimtafuta fundi, aliyejenga kitu kipumbavu kwa kuogopa mabosi. Yakamtafuta binti mkubwa, na kaka mtu, na kitinda mimba aliyesema haitavunjwa. Yakatoka dirishani yakatafuta visiki, na ng'ambo ya visiki ofisi ya ardhi, na ng'ambo ya ofisi mtu mwenye mkoba wa semina. Wote walikuwepo, kila mmoja na lake, alikuwa tayari kuwashitaki mmoja mmoja. Lakini mpini ulikuwa mkononi mwake. Hapo hasira yake ikazidi, kwa kuwa ilikosa pa kwenda.

Binti mkubwa ndiye aliyesema kwanza, na sasa hakuwa mwalimu mkuu tena, alikuwa mtu aliyeumizwa.

"Baba, yote haya kwa ajili ya nini? Kwa meza uliyoikosea mwenyewe?"

"Sikukosea."

"Mama mwenyewe alisema..."

"Alisema. Mimi nikamwachia aseme." Aliiweka nyundo chini, maana alijiona anaweza kuitupa. "Mnajua kimo cha mama yenu nyie? Mnajua? Mmekaa tumboni mwake, mmebebwa mgongoni, mmemzika, na hamjui alikuwa anafika wapi. Mmemjua na soli zangu. Humu ndani ndimo alimokuwa anavua viatu, mlango umefungwa, nyie mko majini mnapigana kwa makuti. Hii meza ni kiwiko chake. Nilimpima hapa, miguu mitupu, akaniambia nikisema ataniacha. Sikusema. Mmenicheka hadi kwenye kipaza sauti, sikusema. Haya, amekwisha kuniacha. Sasa nimesema."

Kitinda mimba aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Mwana wa kiume aliangalia kipande cha zege miguuni pake, akavuta kiatu nyuma kama mtu aliyekanyaga nguo ya mtu. Fundi alitoa penseli sikioni, akaishika tu.

Binti mkubwa akafanya kitu ambacho hakuna aliyemtarajia akifanye. Alivua viatu vyake, vya kisigino, akaviweka kando. Akasogea mpaka kwenye ile meza ya zamani, mahali ambapo vipande vya mpya vilikuwa vimeteleza na ukingo wa mviringo ulikuwa wazi, akakunja mkono kama anakata kitu. Kiwiko chake kilikuwa juu mno. Akaanza kukunja magoti. Alishuka, akashuka tena, magoti yakilia, mpaka kiwiko kikafika ukingoni kikatulia. Akabaki hapo hapo, amechuchumaa nusu, na kichwa chake kikawa usawa wa kitasa cha dirisha, si juu ya hapo.

"Hapa?" aliuliza bila kugeuka. "Alikuwa anafika hapa?"

"Hapo," Mzee alisema.

Kaka mtu alinyoosha mkono hewani, kiganja chini, juu ya kichwa cha dada yake, kama mtu anayegusa nywele za mtu asiyeonekana. Akautoa haraka. Alisema mbona ni mdogo hivi. Alisema siku zote alikuwa anamwogopa.

Mzee aligeuza uso. Hakutaka waone, na pia hakutaka wadhani yamekwisha, kwa sababu hayakuwa yamekwisha. Kona ilikuwa imevunjika na haitaota. Binti yake alikuwa bado amechuchumaa, na Mzee akamwambia inuka utaanguka, akamwambia kwa ukali, maana ukali ndio uliokuwa karibu.

Fundi alikohoa. Alisema kona inaweza kurudishwa. Ataunga kwa nondo nyembamba na saruji ya kunata. Itashika, ila mshono hautafichika, utaonekana daima kama kovu. Vigae na tofali za juu atatoa zote, taratibu, kwa tindo. Kisha akasita, akawatazama wote waliomzunguka, mmoja mmoja, na ilikuwa wazi kwamba mtu huyu ameshateseka vya kutosha na simu zao.

"Naomba kuuliza kabla sijaanza," alisema. "Safari hii nimsikilize nani?"

Binti mkubwa alifungua mdomo kwa mazoea. Mwana naye alikuwa amevuta pumzi. Wakatazamana.

"Mimi," Mzee Soli alisema. "Mshono uache uonekane. Usipake kitu. Meza ibaki pale pale ilipo, usiongeze hata unene wa kucha."

"Sawa, Mzee. Na hawa mabosi? Watapikaje hapa, na urefu wao huu?"

"Wainame."

Mkwe, aliyekuwa mlangoni muda wote huo, alisema ndiyo Baba, na akawa wa kwanza kuinama, akaanza kuokota vipande vya vigae. Mzee alimwangalia kwa muda, akamwambia aangalie asijikate, vile vitu vina makali. Kisha akatoka nje kwa ubavu, kupitia ule mlango wa kijinga, akaenda kusimama kati ya visiki, akaanza kuwatukana watu wa ofisi ya ardhi upya, kuanzia mwanzo.